Tingatinga: Jina la Mtindo na Ujira wa Mchoraji

Wahenga wamesema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hupendwa na wenye maduka, na kwa kadiri fulani ni ya kweli. Ubora una mvuto wake, na mtu mwenye macho hahitaji kusukumwa ili aupende. Lakini methali hiyo imesema nusu ya jambo. Haikusema, kizuri kikisha kuuzwa, fedha yake humwendea nani. Wala haikusema mnunuzi alipokitazama alikuwa akipenda nini hasa: kitu chenyewe, au mkono uliokifanya, au jina alilolisikia kabla hajakiona. Fundi auzaye kazi yake huishi kwa majibu ya maswali hayo. Akipendwa kwa mkono wake, ujira wake hupanda. Akipendwa kwa jina ambalo kila mtu aweza kulivaa, ujira wake hushuka, hata kama soko limejaa wanunuzi.

Jambo hili laonekana waziwazi katika pwani ya Wilaya ya Kinondoni, mjini Dar es Salaam, pande za Msasani na Oyster Bay, ambako mwaka 1968 ilianza sanaa ya kuchora ijulikanayo duniani kwa jina la Tingatinga. Sanaa hiyo imeshitakiwa mara nyingi kwa kosa moja, kwamba ilizaliwa kwa ajili ya mgeni mwenye fedha, na kwa hiyo ni bidhaa wala si sanaa. Shitaka hilo lastahili kuchunguzwa upya, kwa sababu limeliweka kosa mahali pasipo pake.

Wakati wa ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa mafungu, na wenyeji wakayapa mafungu hayo majina yasiyoficha kitu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oyster Bay ilikuwa Uzunguni. Ilikuwa na nyumba kubwa zenye bustani, zikielekea bahari, na jirani yake kilikuwako kijiji cha wavuvi cha Msasani. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 maafisa wa kikoloni waliondoka, lakini nyumba zao hazikukaa tupu. Waliingia mabalozi, wataalamu na watumishi wa mashirika ya nchi za nje. Hivyo watu wenye fedha ya akiba na watu wasio na kazi ya kudumu waliishi karibu karibu, mwendo mfupi tu wa miguu kati yao. Duka lililoitwa Morogoro Stores likawa mahali pao pa kukutania: hawa walikuja kununua mahitaji ya nyumbani, na wale walikaa nje wakiuza walicho nacho.

Edward Saidi Tingatinga alikuwa mmoja wa hao waliokaa nje. Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi. Kama vijana wengi wa kusini, alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 akafika Dar es Salaam. Alifanya kazi za nyumbani na za bustani, alipiga muziki, aliuza mboga, na baadaye aliajiriwa katika hospitali ya Muhimbili. Hakupata kusoma uchoraji katika shule yoyote. Siku hizo picha za wachoraji kutoka Kongo zilikuwa zikiuzwa mjini, naye aliona kwamba wako watu watoao fedha kwa ajili ya picha. Akatumia vifaa alivyoviweza: vipande vya hadibodi, ambazo mafundi huzitumia kwa dari, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Picha zilipokauka ziliuzwa Morogoro Stores. Alichora kwa muda wa miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka kama arobaini.

Hapana haja ya kuficha kwamba mnunuzi aliishika kazi hii tangu siku ya kwanza. Aliushika ukubwa wake. Hadibodi nzima ya futi nane kwa nne hukatika sawasawa vipande vinane vya mraba wa futi mbili, pasipo kubaki chembe ya kutupa. Na mraba wa futi mbili ni kitu ambacho mtu aweza kukikumbatia kwapani, akakitia katika mzigo wake akasafiri nacho. Mnunuzi aliushika pia uhusika wa picha. Mgeni wa Oyster Bay alikuja Afrika akiwa na wanyama tayari katika mawazo yake, akapenda kurudi kwao na mmoja ukutani. Aliishika na bei, kwa kuwa picha iliuzwa mlangoni pa duka la vyakula, ikishindania sarafu zilizobaki mfukoni baada ya kununua mkate na nyama. Kama mtu akitaka kuthibitisha kwamba haja na mapendeleo ya mnunuzi huumba kitu kinachouzwa, hatahitaji ushahidi mwingine.

Basi wenye kushitaki husimama hapo na kusema kwamba kazi iliyofanywa hivyo haiwezi kuwa na nafsi yake. Lakini watazame picha zenyewe. Katika picha za Tingatinga mnyama husimama peke yake mbele ya uwanja mtupu wa rangi. Hapana mlima nyuma yake, hapana mbuga iliyojaa majani, pengine pana tawi moja au ndege mmoja basi. Mwili umeonyeshwa kwa ubavu, na mstari uuzungukao ni mmoja usiositasita. Mkia hurefuka na kupinda kupita maumbile, kwa sababu nafasi ya ubao yataka kujazwa upande ule. Madoa hupangwa kwa mwendo wa mapigo ya ngoma zaidi ya mwendo wa ngozi ya mnyama. Jicho humwelekea mtazamaji, ijapokuwa kichwa kimeelekea pengine, na kwa hiyo mnyama aonekana kuwa yeye ndiye atazamaye. Mgeni aliagiza mnyama. Hakuagiza utupu ule, wala mkia ule, wala jicho lile. Hayo yalitoka kwa mchoraji, naye aliyatoa ndani ya mipaka iliyowekwa na fedha ya mtu mwingine. Mshairi naye huandika ndani ya mipaka ya mizani na vina ambavyo hakuvitunga, na hakuna amwambiaye kwamba hana nafsi.

Wala si jambo jipya katika nchi hizi kwamba mapendeleo ya mnunuzi hutawala kazi ya fundi aliye mbali. Katika karne ya 19 mtawala alikuwa mwenyeji, na mtawaliwa alikuwa mgeni. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, vitambaa vya pamba kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts viliingia Unguja kwa wingi, na watu wa bara walivipenda hata vikapewa jina la merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipoikata biashara hiyo, vitambaa kutoka Uingereza na Bara Hindi vilipata nafasi. Ushanga ulikuwa na masharti makali zaidi. Stanley alipojiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871 alilazimika kujifunza kwa wafanyabiashara wa Unguja kwamba ushanga mweusi ulikubaliwa Ugogo na kudharauliwa kwingine, na kwamba ule mwekundu uitwao samisami ulikuwa na watu wake. Msafiri aliyekosea rangi alibeba mzigo usiomnunulia hata unga. Hata posho ya mpagazi ilipimwa kwa kitambaa, na thamani ya kitambaa ilitegemea upendo wa watu wa njiani.

Ndiyo kusema kwamba kiwanda cha Salem kilimtii mnunuzi wa Unyamwezi, na hakuna aliyeona aibu. Lakini katika mfano huu imo tofauti moja kubwa. Mpagazi aliyelipwa doti ya merikani hakuuliza ni mfumaji gani wa Salem aliyeifuma. Asingekuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa doti moja ilikuwa sawa na nyingine. Mfumaji alijulikana kwa mwajiri wake tu, na ujira wake ulikuwa ule ambao mfumaji mwingine yeyote angekubali kuupokea. Picha si kitambaa. Mnunuzi wa picha aweza kuuliza, "Nani aliyeichora?" Na hapo ndipo mambo ya Msasani yalipochukua njia yake yenyewe.

Baada ya mwaka 1972 wanafunzi wa Tingatinga, ambao wengi wao walikuwa jamaa zake au watu wa kwao kusini, waliendelea na kazi. Miongoni mwao walikuwamo January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata. Walijiunga, wakachora, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 ushirika wao ulipewa jina la Tingatinga Arts Cooperative Society. Mwenda zake hakuacha nyumba za kupangisha wala shamba. Urithi aliouacha ulikuwa namna ya kuchora, na jina. Namna ya kuchora ilibadilika haraka, kama ilivyo desturi ya kitu kilicho hai. Lakini jina halikubadilika. Mteja aliyefika Morogoro Stores miaka kumi baada ya kifo cha mzee hakuuliza picha ya Linda wala ya Mandu. Aliuliza kama iko "Tingatinga", akajibiwa kwamba iko. Hakudanganywa. Neno lilikuwa limekwisha kuacha kuwa jina la mtu, limekuwa jina la aina ya kitu, kama vile merikani lilivyoacha kuwa jina la taifa likawa jina la nguo.

Mwanachuoni wa uchumi Alfred Marshall, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1890, alieleza kwamba haja ya kazi ya mtu huzaliwa na haja ya kile kinachofanywa kwa kazi hiyo. Alitoa mfano wa mafundi wa kupiga lipu. Hakuna atakaye lipu kwa ajili ya lipu; watu wataka nyumba, na kwa kuwa wataka nyumba, mpiga lipu hupata ujira. Akaendelea kueleza ni lini fundi wa namna hiyo aweza kudai ujira mkubwa. Sharti la kwanza ni kwamba asiwepo badala yake, yaani wenye nyumba wasiweze kupata kwa bei nafuu mtu au kitu kingine cha kuifanya kazi ile. Sharti hilo likipimwa katika mambo ya Msasani, maana yake yaonekana mara moja. Mnunuzi ampendaye Mandu hawezi kupewa badala ya Mandu. Mnunuzi aipendaye "Tingatinga" aweza kupewa picha ya mtu yeyote anayejua kushika brashi kwa mtindo ule, na wajuao ni wengi, tena kila mwaka huongezeka.

Namna ya kazi yenyewe imekuwa ikisaidia ongezeko hilo. Rangi ya mafuta haikauki upesi, na mchoraji akisha kupaka rangi moja hana budi kungoja. Kwa hiyo huweka picha kadhaa mbele yake, akazipaka zote nyekundu, kisha zote nyeusi, kisha zote nyeupe. Mwanafunzi hupewa kwanza kazi ya kupaka uwanja wa nyuma, halafu madoa, halafu siku moja mnyama mzima. Ni elimu nzuri kwa kijana asiye na ada ya shule, wala haistahili kudharauliwa. Lakini ni elimu inayomfundisha kufanya kile ambacho mwenzake amekwisha kuuza. Picha ya twiga ikinunuliwa asubuhi, jioni twiga ni kumi. Hadibodi nayo imeacha nafasi kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa hukunjwa kikaingia katika mfuko wa msafiri. Uwanja mtupu wa nyuma umejaa Kilimanjaro, na Wamasai, na jua linalotua, kwa kuwa kila kimoja kimepata kupendwa na mnunuzi fulani siku fulani.

Mchoraji hulipwa picha yake ikiuzwa, na sehemu ya fedha hubaki kwa gharama za pamoja. Isipouzwa hana mshahara. Basi mbele ya ukuta wenye twiga kumi walio sawa, mgeni hutumia hekima ya mteja wa nyanya sokoni: huuliza bei ya huyu, na ya yule, kisha huchukua apunguziwaye. Hapo hata mchoraji hodari hushindana na mwanafunzi wake, na mshindi ni yule mwenye shida kubwa zaidi ya fedha ya chakula cha jioni. Biashara kama hiyo imeenea hadi mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, na Arusha, na Nairobi, ambako "Tingatinga" huchorwa na watu ambao hawajapata kukanyaga Msasani. Katika wilaya ile ile ya Kinondoni, wachongaji wa Mwenge waifahamu sana hali hii. Mgeni hufika akataka "kinyago cha Kimakonde". Kabila zima limekuwa jina la bidhaa, na mtu aliyeupiga mpingo patasi siku kumi hukaa kivulini pasipo kuulizwa jina.

Kwa hiyo yafaa kusema wazi: kilichoshusha ujira wa wachoraji hawa si kwamba mgeni aliipenda kazi yao. Mapenzi yake ndiyo yaliyoleta mkate. Kilichoushusha ni kwamba mapenzi yale yalitua juu ya mtindo, hayakufika kwenye mkono.

Ushahidi wa jambo hili upo kwa wale wachache ambao mkono wao ulifikiwa. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alitoka kusini kama Tingatinga, akaanza kwa uchongaji, akafanya kazi katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha yalikuwa yake. Aliyeyaona mara moja aliyajua mara ya pili. Wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani walimtafuta kwa jina, na bei ya kazi zake haikupangwa na aliyeketi jirani yake. David Mzuguno alijaza picha zake misitu, maua na ndege hata jicho likakosa mahali pa kupumzika, na misitu ile ilitambulikana kuwa ya Mzuguno. Mohamed Charinda aliacha twiga na tembo kwa wengine, akachora visa: misafara ya watumwa, mambo ya waganga, mashetani, habari za vijijini. Hawa hawakumkimbia mnunuzi. Walimfundisha kuuliza swali la pili.

Mwaka 1981 mchumi wa Marekani Sherwin Rosen aliandika juu ya sababu ya watu wachache katika michezo na sanaa kupata fedha nyingi mno kuliko wenzao. Alieleza kwamba tofauti ndogo ya kipaji huzaa tofauti kubwa ya malipo, kwa kuwa wanunuzi wengi hawaoni kwamba kazi mbili za kadiri hulipa mahali pa kazi moja bora. Neno hilo ni la kweli, lakini katika mambo ya Msasani lahitaji kuongezewa sharti: tofauti hiyo sharti ionekane na kutajwa. Kipaji kisichotajwa hulipwa sawa na kutokuwa na kipaji. Edward Tingatinga mwenyewe ni shahidi. Kazi chache za mkono wake huuzwa sasa minadani Ulaya kwa bei ambayo mlangoni pa Morogoro Stores isingesadikika, hata walaghai wamejifunza kughushi sahihi yake. Mbao ni zile zile, rangi za baiskeli ni zile zile. Kilichoongezeka ni ujuzi wa mnunuzi kwamba huu ndio mkono wa kwanza, wala hauna badala. Ujuzi huo umechelewa kumfaa mwenyewe. Simon Mpata naye amepewa heshima ya hoteli ya kitalii katika Maasai Mara kuitwa kwa jina lake, baada ya kufa kwake. Na mwaka 2010 hadithi za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa Tingatinga zilianza kuonyeshwa katika televisheni ya watoto ya Uingereza, na kwa jina hilo hilo. Jina limesafiri kuliko mtu yeyote aliyelibeba.

Hapa yafaa kusikiliza upande wa pili, kwa kuwa una haki yake. Wachoraji wenyewe waweza kusema kwamba jina la pamoja ni kama kisima cha kijiji. Kama mmoja angelifunga akaliweka ufunguo, wengine wangekufa kwa kiu. Vijana wengi kutoka Tunduru na Masasi wamefika mjini bila cheti wala mjomba ofisini, na jina lile limewapa brashi, chakula na kodi ya chumba. Soko la majina makubwa humtajirisha Lilanga mmoja, ilhali soko la jina moja hulisha jamaa nzima, ijapokuwa hulisha kidogo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limefundisha kwamba watu wafanye kazi pamoja na kugawana, na ushirika wa wachoraji ulikuwa mtoto wa mafundisho hayo kwa kadiri ulivyokuwa mtoto wa biashara. Hoja hii ina uzito. Lakini kugawana kisima si lazima kuwe kugawana uso. Wavuvi wa Msasani hutumia bahari moja, na kila mtu ajua nahodha yupi huleta nguru. Ushirika waweza kuwa na mlango mmoja, hazina moja na jina moja juu ya mlango, na ndani yake kila picha ikaulizwa kwa jina la aliyeichora. Tena aliye hodari akipandishiwa bei kwa sababu yake mwenyewe, wanafunzi wake hupata la kufuata lisilokuwa kunakili twiga wa jana.

Limebaki jambo la mwenyeji, nalo ndilo zito kuliko yote. Methali nyingine yasema, mcheza kwao hutunzwa. Wachoraji wa Tingatinga wamecheza kwao, lakini watunzaji wamekuwa watu wa mbali. Nyumba nyingi za Kinondoni, Sinza au Temeke zina kuta zenye kalenda, picha ya harusi na saa. Ni chache zenye picha ya mchoraji wa Msasani. Wengine husema ni kwa sababu ya umaskini. Lakini watu wale wale hununua kanga kila msimu, na katika kanga mwanamke wa Dar es Salaam ni mnunuzi mkali kabisa: huchagua rangi, husoma maneno, hukataa iliyopitwa na wakati, na wenye viwanda humtii. Mapendeleo anayo, na fedha kidogo anayo. Ila hakupata kuambiwa kwamba picha ile yamhusu. Imezoeleka kuitwa kitu cha Wazungu, naye akaamini.

Hatari ya kutegemea mtunzaji mmoja ilionekana mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa hadi mwaka 1983, watalii waliokuwa wakipitia Nairobi wakapungua. Mara ya pili ni wakati wa maradhi ya korona: watalii wa Tanzania waliokuwa kama milioni 1.5 mwaka 2019 walishuka hadi kama 620,000 mwaka 2020. Mwenye shamba mvua ikikosa hula akiba ya ghala. Mchoraji ambaye mnunuzi wake yuko ng'ambo ya bahari hana ghala, na picha zilizojaa ukutani haziliwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Lakini mwenyeji ambaye hawezi kupona mpaka mgeni aje ni mgonjwa wa kudumu.

Katika mambo haya uhakiki nao una deni lake. Kwa miaka mingi wasomi wameigawana sanaa hii katika makundi mawili. Wa kwanza waliisifu kwa jumla, wakasema ni furaha ya Afrika na rangi za Afrika. Wa pili waliidharau kwa jumla, wakasema ni vitu vya watalii. Makundi hayo yalidhani yanapingana. Kumbe yalifanya kazi moja na mgeni wa Morogoro Stores: yaliona mtindo, hayakuona mikono. Ahakikiye riwaya hasemi kwamba amesoma "riwaya ya Kiswahili" akanyamaza. Husema ni ya nani, inatofautianaje na nyingine, wapi imefaulu na wapi imelegea. Mchoraji wa Msasani hajatendewa hivyo ila mara chache. Na kwa kuwa bei hufuata mapendeleo, na mapendeleo hufuata ujuzi, kuandika kwamba mstari wa fulani unakwenda hivi na wa mwenzake unakwenda vile si anasa ya wasomi. Ni kumpa mnunuzi, wa kwetu na wa kwao, neno la kuulizia.

Mkusanyiko wa picha chuoni au katika makumbusho ya taifa ulioandikwa majina na miaka, mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake Oyster Bay wakatazame na kulinganisha, makala yanayomsifu mmoja na kumkosoa mwingine bila haya: hayo ni mambo madogo, wala hayahitaji sheria wala mkopo. Yakifanyika, methali iliyotajwa mwanzo itapata nusu yake iliyopungua. Kizuri kitaendelea kujiuza, kama kilivyojiuza tangu mwaka 1968. Na mnunuzi atakapokichukua mkononi, atageuza ubao atazame nyuma kuna jina la nani.